Chapa ya meno

Chapa ya meno ni nakala ya umbo la meno, fizi na kaakaa la mtu, inayochukuliwa ili kutengeneza kifaa kitakachokaa kinywani mwake bila kubana wala kulegea. Nakala hiyo huchukuliwa kwa njia mbili. Njia ya kawaida hutumia uji mzito unaowekwa kinywani ndani ya trei na kuachwa ugande. Njia ya kidijitali hutumia skana ndogo inayopiga picha nyingi za meno, kisha kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja. Katika kliniki za Tanzania kazi hii kwa kawaida huitwa "kuchukua vipimo" vya meno.

Kwa mgonjwa njia hizi mbili ni tofauti sana. Wengi waliopitia zote mbili husema skana haileti kichefuchefu kama trei. Hata hivyo, njia inayomfaa mgonjwa hutegemea pia kifaa kinachotengenezwa, idadi ya meno yaliyobaki kinywani, na umbali kati ya nyumbani kwake, kliniki na maabara ya meno. Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika mikoa iliyo mbali na miji mikubwa, kama Mkoa wa Rukwa nchini Tanzania.

## Matumizi

Chapa huhitajika kila mara kifaa cha kinywani kinapotengenezwa nje ya kinywa. Vifaa hivyo ni pamoja na:

* meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yawe machache au seti nzima;
* kofia ya kufunika jino lililovunjika au kutobolewa sana;
* daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani;
* jino linalowekwa juu ya kipandikizi kilichofungwa kwenye mfupa wa taya;
* vifaa vya kunyoosha meno;
* kinga ya meno kwa wanamichezo na kwa watu wanaosaga meno usingizini.

Chapa ikikosewa, kifaa hukosewa pia. Meno ya bandia yasiyokaa vizuri huchubua fizi, hucheza mtu anapoongea na huanguka anapokula, na mara nyingi mwenyewe huishia kuyaweka kabatini. Kofia isiyofunga vizuri huacha upenyo ambamo mabaki ya chakula huingia na jino kuendelea kuoza. Kwa sababu hiyo dakika chache za kuchukua chapa huamua kama gharama na safari za mgonjwa zitazaa matunda.

## Historia

Mwaka 1756 Philipp Pfaff, daktari wa meno wa Ujerumani, alieleza katika kitabu chake jinsi ya kuchukua umbo la taya kwa nta iliyolainishwa. Katika miaka ya 1840 madaktari walianza kutumia plasta ya jasi. Plasta ilinakili vizuri, lakini iligeuka kuwa ngumu kama jiwe na mara nyingine ililazimu kuvunjwa vipandevipande ili itoke. Mwaka 1857 Mwingereza Charles Stent alitengeneza mchanganyiko uliolainika kwa joto na kugumu ukipoa. Vifaa vya aina hiyo bado hutumika kwa taya zisizo na meno.

Tatizo la vifaa hivyo vyote lilikuwa ugumu. Meno ni mapana katikati na membamba karibu na fizi, kwa hiyo kifaa kigumu hunasa. Nafuu ilikuja na vifaa vinavyonyumbuka. Kwanza ilitumika agari, inayotokana na mwani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia agari iliadimika kwa sababu mzalishaji mkuu alikuwa Japani. Nafasi yake ikachukuliwa na aljineti, unga unaotokana na mwani wa rangi ya kahawia. Mwani unaolimwa Zanzibar na pwani ya Tanzania ni wa jamii nyekundu; hutoa karajinani ya viwanda vya vyakula na dawa ya meno, wala si aljineti. Baadaye zilifuata polietha katika miaka ya 1960 na aina mpya za silikoni katika miaka ya 1970. Vifaa hivyo hunakili kwa usahihi zaidi na havinywei haraka.

Wazo la kunakili meno kwa mwanga lilitolewa na Mfaransa François Duret mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashine ya kwanza kutumika kwa mgonjwa kwa njia hiyo, iitwayo CEREC, ilibuniwa na Werner Mörmann na Marco Brandestini katika Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, na mgonjwa wa kwanza alihudumiwa mwaka 1985. Skana za mwanzo zilihitaji meno yapakwe unga mweupe ili yaonekane vizuri. Skana nyingi za sasa hazihitaji unga, nazo huonyesha picha ya rangi papo hapo.

## Jinsi chapa inavyochukuliwa

### Njia ya kawaida

Daktari au tabibu wa meno huchagua trei inayolingana na taya la mgonjwa. Unga wa aljineti huchanganywa na maji kwa muda usiozidi dakika moja, hupakiwa kwenye trei, kisha trei husukumwa juu ya meno na kushikiliwa. Aljineti huganda kwa dakika mbili hadi nne hivi. Silikoni na polietha hukaa kinywani muda mrefu zaidi, mara nyingi dakika nne hadi sita. Baada ya hapo trei huvutwa kwa nguvu ya ghafla, chapa huoshwa na kuwekwa dawa ya kuua vijidudu, na plasta humiminwa ndani yake. Plasta ikikauka hutoa mfano wa taya. Fundi wa maabara ya meno hufanya kazi yake juu ya mfano huo.

Mgonjwa asiye na jino hata moja hupitia hatua zaidi. Chapa ya kwanza hutumika kutengeneza trei yake mwenyewe, na chapa ya pili huchukuliwa kwa trei hiyo. Kwa chapa ya pili kliniki nyingi hutumia mchanganyiko wa zinki oksidi na yujino, kiini cha mafuta ya karafuu. Ndiyo maana wazee wengi waliotengenezewa meno hukumbuka harufu ya karafuu, pamoja na hisia ya kuwashwa midomo.

### Njia ya kidijitali

Mgonjwa hukalishwa kwenye kiti, midomo na mashavu huvutwa pembeni, na mate hukaushwa kwa hewa. Kichwa cha skana, ambacho ni kinene kuliko mswaki, hupitishwa polepole juu ya meno: upande wa juu, wa ndani na wa nje. Vichwa vingi hupashwa joto kidogo ili kioo kisipate ukungu. Umbo la meno hujijenga kwenye skrini kadiri skana inavyosogea. Kwa mtaalamu aliyezoea, taya zote mbili na jinsi yanavyoumana huchukua dakika chache. Kwa anayejifunza, muda huo unaweza kuwa mara mbili au tatu. Faili hutumwa maabara kwa intaneti, au kwa mashine ya kuchonga iliyopo hapohapo kliniki.

## Uzoefu wa mgonjwa

### Kutaka kutapika na kukosa pumzi

Malalamiko makubwa kuhusu trei ni kutaka kutapika. Sehemu ya nyuma ya ulimi na kaakaa laini hulinda njia ya hewa. Kitu kikigusa hapo, koo hujikaza na kusukuma nje. Trei ya taya la juu ndiyo inayosumbua zaidi, hasa uji ukiwa mwepesi na kutiririkia kooni. Hofu huongeza tatizo. Mtu aliyekokomoka mara ya kwanza huja mara ya pili akiwa amejikaza tangu mlangoni.

Kwa mtu mwenye mafua au pua iliyoziba, trei huleta hisia ya kukosa hewa. Wajawazito, watu wasioweza kufungua kinywa sana na watoto wadogo nao hupata shida. Kwa watoto wachanga waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, chapa ya kawaida ina hatari ya kuziba njia ya hewa, hivyo hufanywa mahali penye wataalamu na vifaa vya dharura.

Skana haijazi kinywa, na inaweza kutolewa wakati wowote mgonjwa akiinua mkono. Akishapumzika, kazi huendelea ilipoishia. Lakini skana nayo hugusa. Kichwa chake hufika kwenye magego ya mwisho, na wenye kinywa kidogo hulalamikia ukubwa wake. Aidha, kinywa hubaki wazi muda wote, jambo linalochosha taya na kukausha midomo.

### Ladha, usafi na maumivu

Watengenezaji huweka ladha ya mnanaa au matunda kwenye aljineti, lakini si kila mtu huipenda. Uji hubaki kwenye ndevu, midomo na katikati ya meno. Kuvutwa kwa trei huogopesha mtu mwenye meno yanayocheza, na mwenye vidonda kinywani huumia. Skana haina ladha wala haivuti jino. Hewa ya kukaushia mate, hata hivyo, huuma kwenye jino lililo wazi au lenye mzizi unaohisi baridi.

### Kurudia

Chapa ya kawaida ikiwa na povu la hewa au mkunjo mahali muhimu, kazi yote huanza upya: trei, uji, kusubiri. Kwa mgonjwa aliyekwisha kutapika mara moja habari hiyo ni nzito. Kwenye skana kasoro huonekana kwenye skrini mgonjwa akiwa bado kitini, na sehemu hiyo pekee hupitiwa tena.

### Kuona na kuelewa

Picha kwenye skrini humpa mgonjwa nafasi ya kuona meno yake kama daktari anavyoyaona. Anaweza kuonyeshwa pengo, jino lililoinama au fizi iliyoshuka, na kuuliza maswali kabla ya kukubali matibabu. Mfano wa plasta hutoa faida kama hiyo, tena unaweza kushikwa mkononi, ila hupatikana baada ya plasta kukauka.

## Matokeo ya tafiti

Tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi zimefanywa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Asia. Kwa ujumla wagonjwa wengi zaidi huchagua skana, lakini matokeo hayafanani.

Utafiti uliofanywa Istanbul, Uturuki, na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachukulia watu 24 chapa kwa polietha na kwa skana. Njia ya kawaida ilichukua takriban dakika 10 na ya kidijitali takriban dakika 4, na washiriki waliiona skana kuwa ya starehe zaidi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa vijana 38 wenye umri wa miaka 10 hadi 17 waliopimwa kwa aljineti na kwa skana za aina mbili. Aljineti iliwaletea kichefuchefu na usumbufu zaidi ya moja ya skana hizo, na ni wachache kati yao walioichagua aljineti.

Kwa upande mwingine, utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulihusu wagonjwa 15 wa kunyoosha meno, na 11 kati yao walipendelea aljineti kwa sababu ilikuwa rahisi au ya haraka zaidi kwao. Skana iliyotumika ilichukua muda mrefu kukamilisha kinywa kizima.

Tofauti hizo zinaeleweka. Polietha hukaa kinywani muda mrefu na huganda kwa ugumu, kwa hiyo skana ikishindanishwa nayo hushinda kirahisi. Aljineti huganda haraka na ni laini, kwa hiyo ushindani ni mkali zaidi. Aina ya skana na ustadi wa anayeitumia pia hubadilisha jibu. Isitoshe, washiriki wa tafiti nyingi ni vijana wenye meno karibu yote, na kliniki iko karibu. Matokeo yao hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwa mzee asiye na meno anayeishi mbali na maabara.

## Mahali ambapo skana hushindwa

Skana hutambua umbo kwa kufuatisha alama zilizo wazi, na meno ni alama nzuri kwa kuwa ni magumu na hayabadiliki. Fizi tupu iliyolowa mate hung'aa, ni laini, na haina alama nyingi. Zaidi ya hapo, meno ya bandia ya seti nzima hushikiliwa na ukingo unaoziba hewa pale fizi inapokutana na shavu na ulimi. Ukingo huo hutakiwa kunakiliwa wakati misuli ikiwa katika mwendo: mgonjwa hukunja midomo, hutoa ulimi, humeza mate. Uji wa chapa hufuata mwendo huo, ilhali skana huona tu tishu iliyotulia au iliyovutwa pembeni. Kwa hiyo, ingawa mbinu za kuskani taya tupu zinaendelea kuboreshwa, madaktari wengi bado hutumia chapa ya kawaida kwa wasio na meno.

Skana haioni pia kilichofunikwa na damu, mate au fizi. Jino lililokatwa chini ya ukingo wa fizi hulazimu fizi isukumwe pembeni kwanza, iwe kwa skana au kwa silikoni.

## Hali katika nyanda za juu za Ufipa

Mollo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Iko katika nyanda za juu za Ufipa, eneo la Wafipa, ambako wakazi wengi ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Mkazi wa huko anayehitaji meno ya bandia hukabiliana na masuala ambayo tafiti za mijini hazikuyagusa.

### Ngazi za huduma

Huduma za afya nchini Tanzania hupangwa kuanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda na ya taifa. Kwa Rukwa, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Sumbawanga, na juu yake ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayohudumia Nyanda za Juu Kusini. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno nchini yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Matabibu wa meno, ambao ndio wanaotoa sehemu kubwa ya huduma nje ya miji mikubwa, hufundishwa pia Mbeya.

Huduma ya meno inayotolewa zaidi nchini ni kung'oa, kwa sababu wagonjwa wengi hufika wakati maumivu yamezidi. Pengo hubaki, na wengi hulizoea. Anayeamua kuliziba kwa kawaida hutengenezewa jino la akriliki la kuvaa na kuvua, ambalo chapa yake huchukuliwa kwa aljineti. Skana hupatikana hasa katika kliniki za miji mikubwa. Bei yake ni kati ya maelfu na makumi ya maelfu ya dola za Marekani, mbali na kompyuta na programu.

### Safari

Barabara kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, kupitia Tunduma, ina urefu wa zaidi ya kilomita 300. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Meno ya bandia ya seti nzima kwa utaratibu wa kawaida huhitaji mahudhurio matano hivi: chapa ya kwanza, chapa ya pili, kupima jinsi taya zinavyoumana, kujaribu meno yakiwa kwenye nta, na kukabidhiwa. Hufuata marekebisho. Mgonjwa wa Mollo akilazimika kufuata kila hatua Mbeya na kurudi nyumbani, atasafiri zaidi ya kilomita 3,000. Kwa mkulima wakati wa kupalilia au kuvuna, siku zilizopotea njiani ni gharama sawa na nauli. Ikilinganishwa na hayo, dakika tatu za trei kinywani ni usumbufu mdogo.

Chapa ya aljineti yenyewe haiwezi kusafiri. Ina maji mengi, na ikiachwa kwenye hewa hunywea na kubadilika umbo. Plasta hutakiwa kumiminwa mapema, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kinachoweza kusafiri ni mfano wa plasta: ukimiminwa Sumbawanga siku hiyohiyo na kufungwa vizuri, unaweza kupelekwa kwa basi hadi maabara ya mji mwingine. Chapa ya silikoni ya aina mpya huvumilia siku kadhaa. Faili la skana hufika popote kwa dakika chache, halivunjiki, na linaweza kutumiwa tena kifaa kikipotea au kuvunjika.

Hata hivyo, faili huokoa safari ya chapa tu. Jino lililotengenezwa ni lazima lirudi kwa gari, na ni lazima mtu mwenye ujuzi alijaribu kinywani na kulirekebisha. Kwa hiyo kinachopunguza safari za mgonjwa kwa kiasi kikubwa ni kuwapo kwa tabibu au daktari wa karibu anayeweza kuchukua chapa nzuri, kumimina plasta mapema na kufanya marekebisho, awe na skana au hana.

### Baridi, joto na umeme

Hali ya hewa huathiri njia ya kawaida moja kwa moja. Aljineti huganda polepole ikichanganywa na maji baridi na haraka ikichanganywa na maji ya moto. Watengenezaji wengi hupendekeza maji ya nyuzi 20 hadi 23 hivi za Selsiasi. Ufipa huwa na baridi kali mwezi Juni na Julai. Maji ya bomba yakitumika asubuhi bila kupashwa, mgonjwa hukaa na trei muda mrefu kuliko inavyohitajika, na akijitingisha chapa huharibika. Katika Bonde la Ziwa Rukwa, ambalo liko chini na lina joto, tatizo ni kinyume: uji unaweza kuanza kuganda kabla trei haijaingia kinywani. Kipimajoto na birika ni vifaa vya bei ndogo, lakini huboresha sana hali ya mgonjwa.

Skana haisumbuliwi na joto la maji, bali inategemea umeme, kompyuta na matengenezo. Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa haukuwa kwenye gridi ya taifa, ukitegemea umeme kutoka Zambia pamoja na jenereta za dizeli. Umeme ukikatika, aljineti bado huganda. Skana isiyo na betri husimama.

## Mambo yanayopunguza usumbufu

Mgonjwa anayechukuliwa chapa kwa trei anaweza kusaidiwa na hatua zifuatazo:

* kumweleza mapema nini kitafanyika na muda utakaotumika;
* kumjulisha mtaalamu kama aliwahi kutapika, ana mafua, ana meno yanayocheza au ana mzio;
* kutokula chakula kingi muda mfupi kabla ya kuhudhuria;
* kukaa wima na kuinamisha kichwa mbele kidogo, ili uji usielekee kooni;
* kupumua polepole kwa pua, na kuinua mguu mmoja au kuhesabu ili fikra zihame;
* kuanza na taya la chini, ambalo husumbua kidogo, ndipo la juu lifuate;
* kutumia trei isiyozidi ukubwa unaohitajika na uji usio mwepesi.

Kwa anayeskaniwa, inafaa kukubaliana ishara ya kusimamisha kazi, kuomba mapumziko taya likichoka, na kupaka mafuta midomo iliyokauka.

Kwa njia zote mbili mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kuanza: kifaa kitatengenezwa wapi, atatakiwa kuhudhuria mara ngapi, na nani atakirekebisha kikibana baada ya kurudi nyumbani. Meno ya bandia huhitaji marekebisho karibu kila mara katika wiki za mwanzo. Pasipo jibu la swali hilo la mwisho, hata chapa safi kabisa inaweza kuishia kuwa kifaa kisichovaliwa.

## Tazama pia

* Jino
* Meno ya bandia
* Fizi
* Mwani
* Mollo
* Mkoa wa Rukwa